Friji mpya isiyogandisha, na safari ya kurudishiwa pesa yangu

Nyota mbili kati ya tano. Friji yenyewe ningeipa sifuri. Hizo mbili ni za duka, kwa sababu pesa yangu walirudisha, ingawa kwa mbinde.

Ni friji ya milango miwili, mpya, imetolewa kwenye boksi mbele yangu. Dukani waliichomeka, taa ikawaka, kompresa ikanguruma, tukaridhika wote. Nyumbani ikanguruma usiku kucha, na asubuhi trei ya barafu ilikuwa na maji yale yale niliyomimina. Nikashika ubavuni, pale ambapo friji nyingi zisizo na kasoro hupata joto zikiwa kazini. Pa baridi kabisa. Anayezijua friji ameshaelewa: huenda gesi ya kupoozea haimo.

Nikapiga simu. "Usijali bosi, tunakutumia fundi aje ajaze gesi." Lugha tamu, na wengi wananasa hapo hapo. Unamsubiri fundi, anakuja, anaondoka, tatizo linarudi, na muda wako wa kukataa mali unayoyoma. Sheria za mauzo ya bidhaa katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza zimetokana na ile ya Waingereza ya 1893, na humo mnunuzi akikaa na mali kwa "muda wa kuridhisha" bila kusema anaikataa, anahesabiwa ameipokea. Muda huo ni kiasi gani? Haukutajwa; hutegemea mazingira ya kila kesi. Waingereza wenyewe, kwa sheria yao ya walaji ya 2015, sasa wanampa mnunuzi siku 30 za kukataa kitu kibovu na kudai pesa yote. Pasipo na idadi kama hiyo, wahi.

Kwa hiyo fundi nilimkataa. Nilituma ujumbe wa maandishi: friji haigandishi tangu ilipowashwa, ninaikataa, nataka pesa yote, njooni mchukue mali yenu. Nikaambatisha picha ya risiti, namba ya mashine na video ya ile trei. Kisha nikaichomoa, kwa maana ukiendelea kuitumia utaambiwa umeshaikubali.

Meneja akaja na hoja yake: "Si uliijaribu mwenyewe hapa dukani?" Kweli, niliijaribu. Lakini ukaguzi wa mnunuzi humfunga kwa kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzifichua. Dakika chache za umeme zinaonyesha taa na sauti. Ubaridi huchukua saa kadhaa. Hapo alinyamaza kidogo, halafu akanionyesha maandishi ya chini ya risiti, "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Nikamwambia hayo ni ya mtu aliyebadili mawazo, siyo ya aliyeuziwa kitu kibovu. Akanipa vocha. Nikaikataa. Sikulipa kwa vocha.

Kilichonikera zaidi ni pale walipokubali kurudisha, kisha wakataka kukata gharama ya gari la kuifuata. Sheria hizo hizo zilizotokana na ile ya 1893 zinasema mnunuzi aliyekataa mali kihalali halazimiki kuirudisha. Inatosha kumjulisha muuzaji kwamba ameikataa. Kama halazimiki kuibeba, kwa nini alipie mafuta ya gari lao? Tulibishana hapo kuliko mahali pengine popote, tena kwa maandishi, maana simu niliacha kupokea. Ahadi za kwenye simu hazina mwenyewe.

Pesa ilirudi kamili, kwa njia ile ile niliyolipia. Vijana waliokuja kuchukua friji walikuwa na adabu, wakanisainia karatasi kwamba wameipokea bila mikwaruzo, na karatasi hiyo sijaitupa.

Nitanunua tena pale? Pasi au birika, labda. Friji, hapana.