Kaunta buku ya kurasa 192 kama daftari la mafanikio: inafaa, ila ina kasoro mbili

Madaftari ya "kujijenga" yenye jalada la kumetameta na maswali yaliyochapwa tayari yamejaa madukani, na mengi humuuliza mtu anajisikiaje. Kwa kazi ya kukusanya uliyoyafanya yakafaulu, kaunta buku ya kawaida ya A4, kurasa 192, maarufu kwa jina la kwaya 2, inayashinda. Haikuulizi chochote.

Kabla ya kulipa, ifungue katikati. Uzi wa mshono uonekane kwenye mkunjo. Iliyoshikwa kwa gundi tupu huanza kuachia kurasa ikifunguliwa mara nyingi. Tumia bolpeni ya kawaida, wino wa jeli huvujia upande wa pili.

Chora safu nne: tarehe, nilichofanya, nilivyofanya, ushahidi. Safu ya tatu ipewe nusu ya ukurasa. "Nilishona sare 40 kwa siku 12" ni habari njema, lakini haimsaidii fundi oda ya sare 60 ikija. Kinachomsaidia ni hiki: "nilikata vitambaa vyote siku 2 za mwanzo, nikakataa oda nyingine, vifungo nikampa msaidizi." Mwanasaikolojia Albert Bandura, mwaka 1977, alitaja vyanzo vinne vya mtu kuamini kwamba anaweza, na chenye nguvu kuliko vyote ni mambo aliyowahi kuyafanya mwenyewe akafaulu. Kutiwa moyo na watu kuna nguvu ndogo zaidi.

Wengi huharibu kwenye vitenzi. "Nilibahatika kupata", "tulifanikisha", "kazi ilikamilika": sifa imechukuliwa na bahati, kisha na kikundi, na mwisho kazi imejikamilisha yenyewe. Mlikuwa watano? Andika sehemu yako: "Niliandaa bajeti, wenzangu wakatafuta wafadhili." Kumshukuru Mungu ni sawa kabisa, ila na mikono yako iandikwe. Tumelelewa na "chema chajiuza", kwa hiyo kujitaja kunachoma kama majivuno, lakini daftari hili halisomwi na jirani.

Upande wa ushahidi, risiti za mashine ya EFD hufifia, zitoe kopi mapema. Cheti halisi kisiguswe na gundi, bandika nakala. Ukibandika sana daftari huvimba na mgongo kupasuka; kila baada ya ukurasa uliobandikwa, kata karatasi moja ukiacha kipande cha sentimita 2. Ukiing'oa yote, pacha wake upande wa pili wa mshono naye atatoka.

Siku ya kwanza tenga saa mbili, urudi nyuma miaka 10, upate mistari 20. Usianze na vyeti. Anza na kazi ambazo watu walirudi kukuomba tena. Baada ya hapo, dakika 15 kila Ijumaa zinatosha. Kabla ya usaili chagua mistari mitatu, usome safu ya tatu kwa sauti.

Kasoro ya kwanza: kutafuta jambo la zamani ni taabu, na hapo simu inaizidi. Zipe kurasa namba, na nne za mwisho ziwe faharasa. Ya pili ni kona za jalada, ambazo hulegea kwa unyevu, hasa Pwani, ivalishe nailoni. Asiye na subira ya kuandika namba 192 kwa mkono anunue kwaya 1.