Swichi ya mtandao isiyopiga kelele: ya kununua kwanza na ya kununua mwisho

Umeme ulikatika usiku, ukarudi saa tisa. Friji iliwaka, ruta ikawaka, na juu ya kabati la koridoni swichi yangu mpya, kile kisanduku cha kuunganishia nyaya za mtandao, ikaanza kuunguruma kwa nguvu zake zote. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutusalimia, alitoka chumbani amejifunga kitenge. "Baba, nani anasaga mahindi saa hizi?"

Ilikuwa swichi ya mtumba, poti 24 zote zenye PoE (umeme unaopita kwenye waya ule ule wa mtandao), ile kubwa ya maofisini. Niliinunua Kariakoo kwa bei iliyonifanya nijione mjanja. Dukani sikuisikia kabisa, maana nje kulikuwa na jenereta na muuza CD mwenye spika. Nyumbani ndipo nilipoelewa kwa nini ofisi iliyoiuza ilikuwa imeifungia kwenye chumba chake peke yake.

Tangu siku hiyo nimefunga swichi nyingi, zangu na za watu, na mpangilio wangu wa kununua umegeuka juu chini. Nilikuwa naanza na idadi ya poti. Sasa naanza na feni: ipo au haipo?

Kelele inatoka wapi

Swichi ya raki, yaani ya kufungwa kwenye fremu ya vifaa, ina kimo cha milimita 44 na ushei. Humo haiingii feni pana kuliko milimita 40, na feni ndogo haiwezi kusukuma hewa ya kutosha bila kuzunguka kama kichaa. Nyingi hupita mizunguko 10,000 kwa dakika. Ikiwashwa hukimbia spidi yote kwanza, kisha swichi ikishapima joto lake ndipo inapoipunguza. Huku kwetu umeme unakokatika na kurudi, mlio huo wa kuwaka utausikia mara nyingi kuliko mwenye swichi ya aina hiyo Ulaya.

Joto lenyewe halitokani na intaneti. Poti ya gigabiti hula chini ya wati moja au karibu na hapo. Kinachopasha moto ni PoE. Kiwango cha 802.3af huruhusu wati 15.4 kwa kila poti, kwa hiyo swichi ya poti 24 hubeba ugavi wa umeme wa wati 370 hivi ndani ya tumbo lake. Ugavi huo hupoteza nguvu kama joto hata kama umechomeka kamera mbili tu. Yangu niliipima bila kuchomeka kamera hata moja: wati 70. Zidisha kwa saa 24 na siku 30, ni uniti 50 za LUKU kila mwezi. Aliye kwenye tarifu ya D1, ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, anabaki na 25 tu za nyumba nzima.

Ya kwanza: poti 8, kasha la chuma, hakuna feni

Kwa nyumba nyingi, duka, au ofisi ya watu wanne, nunua TP-Link TL-SG108E au Netgear GS308E na ulale. Zote ni gigabiti, zote ziko kimya kabisa kwa sababu ndani hakuna kinachozunguka, na zinakula wati chache tu; hata ikifika wati 5 mfululizo, ni uniti 3.6 kwa mwezi. TL-SG108E inakubali VLAN 32 kwa pamoja, yaani makundi ya mtandao yaliyotenganishwa ndani ya swichi moja. Sijawahi kukutana na nyumba iliyohitaji zaidi ya 5.

Angalia herufi ya mwisho kwenye boksi. TL-SG108 bila E inafanana nayo kwa kasha na kwa rangi, lakini haina mipangilio yoyote; ukiinunua, habari ya VLAN imeishia hapo. Wauzaji wengine watakwambia "ni ile ile, bosi." Si ile ile.

TL-SG108E ina kasoro moja ya kujua mapema. Kwenye matoleo ya zamani, ukurasa wa mipangilio unafunguka kutoka VLAN yoyote, hata ile uliyompa mpangaji. Weka nenosiri la maana na usasishe fimwea (programu ya ndani ya swichi) siku ya kwanza. Kama wanaoutumia mtandao wako ni watu usiowaamini hata kidogo, panda ngazi inayofuata.

Ya pili: MikroTik, kwa mwenye nyaya nyingi

CRS326-24G-2S+RM ina poti 24 za gigabiti na mbili za SFP+ (matundu ya kuchomeka vidude vya nyaya za kasi) za gigabiti 10, na bado haina feni. Hii ndiyo ningeinunua badala ya lile jinamizi la Kariakoo. Inakuja na mifumo miwili, nawe unachagua inayowaka nayo: RouterOS, yenye kila kitu na namna mia za kujikoroga, au SwOS, yenye kurasa chache za kubofya. Asiye fundi wa mitandao achague SwOS bila aibu. Mdogo wake, CSS610-8G-2S+IN, ana poti 8 na mbili za SFP+, naye kimya vile vile.

Tahadhari ni moja tu, nayo ni ya joto. Kidude cha SFP+ cha kuchomeka waya wa kawaida wa shaba kwa gigabiti 10 hula wati mbili hadi tatu na huwaka moto wa kuunguza kidole. MikroTik wenyewe wanashauri kwamba kwenye vifaa visivyo na feni usivipange vikigusana, uache nafasi katikati. Kama swichi mbili ziko karibu, tumia kebo ya DAC, yenye plagi za SFP+ ncha zote mbili. Ni bei nafuu na haipati moto.

Ya tatu, au ya kwanza ukiwa na kamera

Kamera nne na akses pointi moja (ya kurusha Wi-Fi) hazihitaji swichi ya wati 370. TL-SG108PE ina poti 8, nne zenye PoE, haina feni. USW-Lite-8-PoE ya Ubiquiti nayo ina nne zenye PoE, jumla ya wati 52, kimya. Ila lazima uwe na programu ya UniFi mahali fulani ili uipangie kazi, na kwa mtu mwenye swichi moja hilo naliona mzigo. Kabla ya kulipa, jumlisha wati zilizoandikwa nyuma ya kamera zako. Kamera za usiku hula zaidi zinapowasha taa zake, kwa hiyo jumlisha kwa hesabu ya usiku.

Ya nne: Cisco ndogo za mtumba

Kuna mtumba ninaoupenda. Cisco walitengeneza swichi fupi zisizo na feni kwa ajili ya madarasa na vyumba vya mikutano: WS-C2960CG-8TC-L, poti 8 za gigabiti, na WS-C3560CG-8PC-S, poti 8 zenye PoE. Ni nzito kama tofali na kasha lake lote ni kipoza joto. Usichanganye na WS-C2960-8TC-L, ambayo pia haina feni lakini poti zake 8 ni za megabiti 100.

Inataka ujue kuandika amri, na inataka kebo ya konso ya kuiunganisha na kompyuta. Pia inakuja na kumbukumbu za mwenye nayo wa zamani. Mafundi wengi hufuta mipangilio kwa `write erase` wakadhani wamemaliza, kumbe orodha ya VLAN imekaa kwenye faili lake. Andika na `delete flash:vlan.dat`, kisha `reload`. Bila hivyo utashangaa VLAN za benki au chuo fulani zinakuchungulia nyumbani kwako.

Ya mwisho: kubwa yenye feni, ukabadilishe feni

Najua utaifikiria, kwa sababu bei yake inashawishi. Mimi niliifanya. Niliagiza Noctua NF-A4x20 FLX mbili, za milimita 40, zinazozunguka mara 5,000 kwa dakika kwa kelele ya desibeli 14.9. Kuzibadilisha kwa bisibisi ni kazi ya nusu saa. Tabu iko kwenye vitu viwili.

Kwanza, plagi. Watengenezaji kadhaa wa swichi hupanga pini za feni kwa mtindo wao, si ule wa kompyuta za kawaida. Kwenye Noctua, mweusi ni hasi, njano ni volti 12, kijani ni waya unaoripoti mizunguko. Usichomeke kwa kuangalia umbo la plagi; chukua multimita, tafuta volti 12 iko pini gani, ndipo upange waya. Pili, hewa. Feni ikipunguzwa mizunguko nusu, kelele inashuka kwa desibeli 15 hivi, lakini hewa nayo inabaki nusu. Feni mpya inasukuma mita za ujazo 9.4 kwa saa, sehemu ndogo tu ya ile iliyotoka. Na baadhi ya swichi zikiona mizunguko imeshuka zinadhani feni imekufa: taa inawaka rangi ya chungwa, nyingine zinazikimbiza feni zilizobaki kwa spidi yote. Yaani umelipa ili kelele iongezeke.

Yangu ilikubali. Kwa amri ya `show env all` nilikuwa nikiona joto kila siku, na mchana wa Februari hapa Dar, chumba kikiwa na nyuzi 33, lilipanda mpaka nikaogopa. Vikapasita (vihifadhi chaji) vya ugavi wa umeme hupoteza takribani nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, na vya mtumba vilishakula sehemu yake. Nikarudisha feni za zamani, swichi nikampa rafiki mwenye ofisi yenye kiyoyozi. Huko hakuna anayelala.

Pa kuiweka

Swichi isiyo na feni inapoa kwa hewa inayopita yenyewe, kwa hiyo mahali ndiyo feni yake. Usiiweke darini chini ya bati. Usiipandishe juu ya ruta wala juu ya inveta. TL-SG108E imeandikiwa mwisho nyuzi 40, na droo iliyofungwa karibu na dirisha la magharibi inazifikia vizuri tu. Mimi naitundika ukutani, usawa wa kifua, matundu ya hewa yakitazama juu na chini, sentimita kadhaa kutoka ukutani. Wa pwani mjue chumvi ya hewani nayo inakula plagi. Poti usizozitumia zizibe kwa vifuniko vya plastiki. Vinazuia na mijusi.

Kugawa VLAN bila kujifungia nje

Mtandao wangu una makundi matatu: nyumbani VLAN 10, mpangaji wa chumba cha uani 20, kamera 30. Namba yoyote kati ya 1 na 4094 inakubalika, lakini 1 ni ya kuzaliwa nayo swichi. Iache ya usimamizi.

Chora kwenye karatasi kwanza. Yangu inasomeka hivi: poti 1 inakwenda kwenye ruta, poti 2 kwenye akses pointi, 3 na 4 ni za nyumbani, 5 na 6 kamera, 7 mpangaji, 8 haiguswi. Hiyo ya 8 inabaki kwenye VLAN 1 ili nikiharibu kila kitu niwe na mlango wa kurudi ndani. Nimeutumia mara mbili.

Poti inayobeba makundi yote, yaani 1 na 2, inawekewa tagi: kila kifurushi kinapita na baiti 4 za ziada zinazosema ni cha kundi gani. Poti ya kifaa cha kawaida haina tagi, kwa sababu kamera na laptop hazijui habari hizo. Kwenye TP-Link utaona "Tagged" na "Untagged" kwa kila poti. Hapo ndipo watu wengi wanapoishia, na hapo ndipo simu zinapoanza kunipigia. Kuna ukurasa wa pili, wa PVID, unaosema kifurushi kinachoingia bila tagi kihesabiwe cha kundi gani. Ukiiweka poti 7 kwenye VLAN 20 ukasahau PVID ikabaki 1, laptop ya mpangaji itapiga hodi nyumba moja na kusubiri jibu nyumba nyingine. Dalili yake ni anwani inayoanza na 169.254. Ukiiona, nenda moja kwa moja kwenye PVID.

Ukishapanga hayo, itoe poti 7 kwenye VLAN 1, kisha hifadhi mipangilio. Swichi kadhaa hazihifadhi zenyewe. Umeme ukikatika unarudi sifuri. Kwenye MikroTik yenye RouterOS, bonyeza Ctrl na X kuingia hali ya usalama kabla ya kuanza, na `vlan-filtering`, inayoanzisha mgawanyo wa VLAN, iwe kitu cha mwisho kabisa kuwasha. Ukijifungia nje, mawasiliano yakikatika inarudisha mambo yalivyokuwa.

Halafu ruta. Ile uliyopewa na kampuni ya intaneti mara nyingi haielewi tagi, na bila ruta inayozielewa makundi yatagawanyika vizuri ila ni moja tu litakalopata intaneti. Tenga pesa ya ruta ya MikroTik hEX, au ruta yoyote inayokubali OpenWrt (programu huria ya ruta), kabla hujaenda kununua swichi.

Ukimaliza, chukua laptop, ichomeke poti 7 kama wewe ndiye mpangaji, ujaribu kufungua ukurasa wa kamera. Ukifunguka, usiipangue swichi. Imefanya kazi yake. Ni ruta inayopitisha kutoka kundi hadi kundi, na sheria ya kuzuia inaandikwa huko.