Steshenari ya njia ya Shangani, kwa anayejaza fomu za Kanada

Mimi ni muuguzi, nina miaka 31. Kwa miezi minane siku zangu za mapumziko zimeishia kwenye kiti cha plastiki ndani ya steshenari moja ndogo hapa Mtwara mjini, mkono wa kushoto ukielekea Shangani. Wenzangu wananiuliza kila tunapobadilishana zamu nani ananisaidia maombi ya ukaazi wa kudumu wa Kanada na ananitoza ngapi, kwa hiyo nayaweka yote hapa.

Kabla ya duka hilo nilikuwa na wakala wa Dar es Salaam niliyempata kwa simu. Alichukua shilingi 600,000 akisema ni za kufungua wasifu wangu kwenye mfumo wa Kanada unaopanga waombaji kwa pointi, na baada ya wiki mbili akaniambia umeshafunguliwa. Mwezi Juni 2025 akataka milioni tatu na nusu za barua ya kazi ya mwajiri wa kule. Barua hiyo, alisema, itaniongezea pointi 50.

Steshenari nilikwenda kudurufu vyeti tu, tena kwa ajili yake huyo wakala. Kaka mwenye duka alivitazama, akauliza, "Sista, hii ni Express Entry?" Ndilo jina la mfumo huo. Nikamsimulia. Hakumtukana mtu. Aligeuza skrini ili nisome mwenyewe kwenye tovuti ya serikali ya Kanada: pointi za barua ya kazi ziliondolewa tarehe 25 Machi 2025. Nikaendelea kusoma. Wasifu haupokelewi bila matokeo ya mtihani wa lugha na ripoti ya kulinganisha vyeti, na mimi sikuwa na hata kimoja. Basi ule wasifu "uliofunguliwa" haukuwepo. Na kuufungua ni bure. Tukatafuta jina la wakala kwenye orodha ya chombo kinachosimamia washauri wa uhamiaji wa Kanada, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua. Halimo. Nikamwomba kaka maji ya kunywa, nikakaa.

Alichoniambia baadaye ndicho kilichonifanya nirudi. "Dada yangu, mimi sina leseni ya kukushauri. Nakuuzia intaneti, nakuskania, nakuonyesha pa kubofya. Kusoma usome wewe, na paswedi usinitajie." Sheria ya Kanada iko hivyo kweli: anayelipwa kukuwakilisha awe mshauri mwenye leseni, au mwanasheria wa kule, au mthibitishaji wa hati (notari) wa jimbo la Quebec. Kwa miezi yote hii, kila nikifika pa kuandika paswedi anasogea kando na kutazama barabarani. Saa moja ya intaneti ni shilingi 2,000, ukurasa wa kuskani 500. Hajawahi kuniongezea.

Pale kitini ndipo nilipojifunza hesabu ambayo hakuna aliyenieleza. Ili tu uruhusiwe kuingia kwenye foleni kama mfanyakazi mwenye ujuzi unahitaji pointi 67 kati ya 100, na hizo nilizipita. Kupangwa nafasi ndani ya foleni kuna hesabu nyingine, ya hadi pointi 1,200. Mtihani wa kwanza wa IELTS, ule wa Kiingereza, nilivuka vizuri kusikiliza, kusoma na kuzungumza, ila kuandika nikapata 6.5. Nilifurahi. Nikaingiza namba kwenye kikokotoo chao: 373. Kaka akasema, "Hebu jaribu kuweka 7 hapo kwenye kuandika, uone." Ikaja 418. Nusu bendi, pointi 45! Kumbe ukifikisha kiwango chao cha tisa cha lugha, ambacho kwa kuandika ndiyo hiyo 7, katika stadi zote nne, mfumo unaongeza pia thamani ya shahada na ya uzoefu wa kazi. Nilipanda basi tena, zaidi ya kilomita 500 hadi Dar, nikarudia mtihani wote, nikapata 7. Wakala angeniacha na 373 yangu, kwa kuwa hiyo haina pesa kwake.

Barua ya mwajiri nayo ilinichelewesha. Ya kwanza ilisema mimi ni mtumishi mwadilifu na mwenye ushirikiano, basi. Wanachotaka ni cheo, tarehe za kuanza kazi, majukumu, saa kwa wiki, mshahara na marupurupu, kwenye karatasi yenye nembo na sahihi. Kaka ameubandika ukutani ukurasa huo wa maelekezo. Nilimpelekea bosi wangu nakala, akaandika upya siku ileile. Ombeni barua hizi mapema, maana ukialikwa kuomba ukaazi una siku 60 tu za kukamilisha kila kitu.

Pesa za kujikimu ndizo zinazoninyima usingizi. Mtu mmoja asiye na mtegemezi anatakiwa kuonyesha zaidi ya dola 15,000 za Kanada, zisiwe za mkopo, na barua ya benki ionyeshe wastani wa miezi sita. Baba amenipa fedha ya korosho ya msimu huu kutoka Newala, nimeiweka benki haraka ili miezi ianze kuhesabika, na ameniandikia barua kwamba ni zawadi. Mzee huyu hajawahi kupanda ndege. Nikiitaja barua ile machozi yananilenga.

Duka lina kasoro, na nimemwambia mwenyewe. Kompyuta ya wateja ni moja. Ukifika msimu wa vijana kuomba mikopo ya chuo, foleni inafika barabarani. Umeme ukikatika unasubiri. Kubwa zaidi, skrini inatazama mlango: aliyekuja kununua kalamu anasoma salio lako la benki. Ameahidi kuigeuza meza. Hajaigeuza. Kwa hilo nampa nyota nne badala ya tano.

Wauguzi wenzangu, jueni pia kwamba ukaazi wa kudumu haukuvalishi sare. Leseni ya uuguzi kule inatolewa na kila jimbo kivyake, kwa gharama na mitihani yake. Hilo nalo nalisoma palepale kitini.

Sijaalikwa bado. Tangu 2023 Kanada inaita watu kwa makundi, na afya ni kundi mojawapo, lakini mialiko ya afya niliyoifuatilia mwaka jana ilitaka pointi zaidi ya 460, na mimi nina 418. Jimbo likikuteua unapata pointi 600, ila sijapata la kuniteua. Njia iliyobaki mikononi mwangu ni Kifaransa: nikifika kiwango cha saba katika stadi zote nne naongezewa pointi zaidi ya 60, na wenye Kifaransa wana kundi lao la mialiko. Nimeanza kutoka mwanzo kabisa. Kaka ananiprintia masomo kurasa mbili kwa karatasi moja ili nisilipe sana. Jumamosi nikitoka zamu ya usiku napita kuchukua la saba.