Hotspoti ya Windows, nimeitumia wiki tatu hapa Umoja

Ruta yangu ilikufa siku stima ilipotea jioni ikarudi na nguvu zote, ikanuka kidogo taa zikazima, basi. Na faiba nilikuwa nimeshalipia mwezi mzima. Nikawapigia watu wa faiba, wakaniambia ruta nyingine ni juu yangu, lakini angalau walikubali kusajili kompyuta mahali pa ruta, so kebo ikatoka kwa kile kiboksi cha faiba ikaingia moja kwa moja kwa desktopu.

Hotspoti ya Windows ni kompyuta kugawia simu intaneti kwa waifai, shida ni desktopu yangu haina waifai. Nikashuka Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, nikanunua adapta ya USB ya mia nane, kitu kidogo kama ukucha, muuzaji akaniapia ati "boss hii inashika mpaka gorofa ya tano". Haishiki. Nikiichomeka nyuma ya kompyuta ilikuwa inafika sitting room tu, bedroom unapata mstari mmoja, mpaka nilipotumia kawaya ka USB kurefusha nikaitoa nje nikaiweka juu ya meza, kumbe ile bodi ya chuma ndiyo ilikuwa inameza signo yote. Pia inashika masafa ya 2.4GHz peke yake, yale yale ya majirani, na plot yetu kila nyumba iko na waifai, so saa mbili usiku inakuwa kama stage ya matatu.

Kuwasha yenyewe ni rahisi aki. Unaingia Settings, Network, Mobile Hotspot, unaweka jina na paswadi, umemaliza. Hii kitu ilikuja na update ya Windows 10 ya mwaka wa 2016, kabla ya hapo mimi enzi za Windows 7 nilikuwa naandika amri za netsh kwa ile skrini nyeusi na nikikosea herufi moja naanza tena. Inabeba vifaa vinane, sisi tuko na simu nne na TV, tumetosheka.

Sasa kero. Kompyuta ikilala, waifai ya nyumba nzima inalala nayo. Mara ya kwanza mama watoto alikuwa kwa video call na mamake huko Kakamega, ikakatika katikati ya salamu, nikaulizwa mimi. Enda kwa Power weka sleep iwe Never, halafu zima ile power saving ya hotspoti yenyewe, kwa sababu isipokuwa na mtu ameconnect kwa dakika kadhaa inajizima kimyakimya. Na ukirestart hairudi yenyewe, lazima uiwashe kwa mkono, hapo Windows wamezembea.

Halafu tokeni za stima. Ruta inakula kama taa ndogo tu, desktopu inayoguruma kutoka asubuhi mpaka usiku ni hadithi nyingine, nimeanza kununua tokeni mapema kuliko kawaida na bado sijamwambia mtu nyumbani sababu.

Napea nyota tatu na nusu. Mwisho wa mwezi nanunua ruta, na adapta inabaki kwa droo.