Diski ya TB 1 kwenye kava la USB: taa inawaka, kompyuta haioni kitu

Napiga video za harusi, kwa hiyo nafasi kwangu haitoshi kamwe. Safari hii sikuchukua eksteno (diski ya nje ya kuchomeka) iliyofungwa kiwandani. Nilinunua diski tupu ya laptopu, ya inchi 2.5, na kava la USB 3.0 kando, yaani kasha la kuitia diski ili ichomekwe kwa waya wa USB. Inatoka nafuu, na kava likifa diski inabaki.

Nilipochomeka, taa ya bluu ikawaka, diski ikaanza kuzunguka (ukiliweka kava sikioni unaisikia), Windows ikatoa mlio wake wa kupokea kifaa. Kufungua This PC, nakuta C na D zilezile. Nikampigia muuzaji. "Lete tu kaka, nikubadilishie." Sikupeleka. Taa ikiwaka na mlio ukisikika, mara nyingi diski ni nzima, ila haijaandaliwa. Eksteno za kiwandani huja zimeshafomatiwa; diski tupu haina hata herufi yake, kama zile C na D.

Nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, nikachagua Disk Management. Hiyo hapo chini: Disk 1, Not Initialized (haijaandaliwa), na mstari mweusi wa Unallocated (nafasi isiyogawiwa). Ukiulizwa MBR au GPT (njia mbili za kupanga mgawanyo wa diski), chukua GPT, maana MBR inaishia TB 2. Kisha bofya kulia kwenye ule mstari mweusi, New Simple Volume, ipe herufi, fomati. Angalia ukubwa kwanza usije ukafomati diski nyingine. Na kama ni diski ya zamani yenye kazi zako ndiyo inayosema Not Initialized, usikubali chochote. Mpelekee fundi wa kuokoa data.

Kwenye fomati nilichagua exFAT. Mhariri wangu anatumia Mac, na Mac inasoma NTFS, fomati ya kawaida ya Windows, lakini haiandiki humo. FAT32 ndiyo kabisa, inakataa faili linalozidi GB 4, wakati video ya ukumbini peke yake inapita hapo.

Itakuonyesha GB 931. Hujaibiwa! Kiwanda kinahesabu TB 1 kuwa baiti trilioni moja, Windows inagawanya kwa 1,024 kila hatua.

Diski yenyewe sina neno nayo. Faili kubwa zinaingia kwa karibu MB 100 kwa sekunde, kimya. Lawama zangu ni kwa waya uliokuja na kava: mfupi, na umelegea kichwani, ukiugusa tu diski inakatika katikati ya kunakili. Kwenye matundu ya mbele ya kompyuta ya mezani ndiyo balaa, taa inafifia na diski inalia ka-ka-ka kwa kukosa umeme. Ichomeke nyuma, moja kwa moja kwenye ubao mkuu wa kompyuta, tena tundu la USB 3.0, linalotoa miliampia 900 badala ya 500 za USB 2.0.

Diski nyota tano. Kava tatu, na waya wake nimeshautupa, natumia mwingine mnene zaidi.