Kumfuatilia mgonjwa wa kiharusi: kliniki au simu?

Katika utafiti wa kiharusi unaofanyika hospitalini, swali gumu huja baada ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani. Siku ya 90 baada ya kiharusi, ambapo kwa kawaida hali yake hupimwa kwa kipimo cha Rankin cha kiwango cha ulemavu, kuanzia 0 kwa asiye na dalili hadi 6 kwa aliyefariki, je, aitwe kliniki au apigiwe simu?

Kliniki ina sifa ambayo simu haiwezi kuidai: daktari humwona mgonjwa akitembea, hujaribu nguvu za mkono wake, na hupima shinikizo la damu, ambalo likipanda huwa ndicho kisababishi kikuu cha kiharusi kinachoweza kudhibitiwa. Lakini anayeishi Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na mguu mmoja hauna nguvu, lazima ashikwe mkono kuteremka hadi kwenye feri na kupanda tena upande wa kisiwani, akiandamana na jamaa aliyeacha kibarua siku hiyo. Wanaofika, basi, aghalabu ni waliopata nafuu; walio hoi na waliofariki hutoweka katika hesabu, na matokeo yakapendeza kuliko ukweli.

Simu huwafikia hao au jamaa zao, ingawa nayo ina hila zake. Ukiuliza hali utajibiwa "Sijambo, alhamdulillahi" hata na mtu asiyeweza kufunga vifungo vya shati. Heri kuuliza: "Mama, jana ulioga mwenyewe au uliogeshwa?" Aliyepoteza usemi, naye, husemewa na mwanawe. Kwa alama ya Rankin, naona simu itangulie. Kliniki ibaki kwa shinikizo la damu na kwa majibu yenye utata.