Dalali wangu wa Bagamoyo: nyota nne kwa tano

Naishi Dar, nanunua viwanja Bagamoyo na kujenga vyumba vya kupangisha, kidogo kidogo. Dalali ninayemwandika hapa anakaa Ukuni. Jina simtaji, hajanipa ruhusa.

Matangazo ya viwanja vya huku mnayajua: dakika tano kutoka lami, umeme upo, maji yapo, maongezi yapo. Huyu kabla ya kunionyesha chochote aliniuliza, "Dada yangu, unataka cha kujenga sasa hivi au cha kuweka?" Kwa Bagamoyo ni swali zito. Tangu makubaliano ya bandari na Wachina yasainiwe 2013, muuzaji mwenye kipande upande wa Mbegani au Zinga anakutajia bei kama vile meli zimeshatia nanga. Mimi nilitaka vyumba vipate wapangaji, kwa hiyo tukaachana na habari za bandari, tukatafuta karibu na mjini.

Kilichonifanya nimwamini ni kiwanja kimoja cha njia ya Kaole. Muuzaji alikinadi kuwa kiko ufukweni kabisa, na kweli kilikuwa kizuri, minazi yake imesimama vizuri. Dalali wangu akashuka hadi kwenye ule mstari wa mwani mkavu unaoachwa na bamvua, akageuka, akaanza kurudi huku akihesabu hatua kwa sauti. Akasimama katikati ya kiwanja. "Mita 60 zinaishia hapa. Huko nilikotoka hujengi kitu, labda utandike mkeka." Sheria ya mazingira ya 2004 ndivyo inavyosema, hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya umbali huo. Muuzaji alinuna, na dalali akawa ameikosa kamisheni yake kwa mdomo wake mwenyewe.

Na mimi nina yangu ninayomtimizia. Kamisheni tunakubaliana kabla ya kutoka kwenda kuona, na naitoa siku ileile muuzaji anapolipwa. Sharti langu ni moja: bei niisikie kwa mwenye mali, pasiwe na cha juu alichojiongezea yeye. Hela ya bodaboda namlipa hata nisiponunua. Kuna muuzaji aliwahi kunipigia pembeni ili tumruke dalali na tugawane kamisheni yake; nikamwambia apige simu kwa dalali. Sijui nani alimfikishia habari hizo (Bagamoyo ni mji mdogo), ila tangu hapo kiwanja kizuri kikitokea nakisikia mimi kabla hakijarushwa kwenye magrupu.

Kwenye kupangisha sina la kusema sana. Mwezi wa dalali, yaani kodi ya mwezi mmoja inayokwenda kwake, analipa mpangaji; dalali ananiletea watu wenye kazi zao, basi.

Nyota niliyoibakiza ni ya makaratasi. Hapo ana haraka sana. Kwake mkikaa ofisi ya serikali ya mtaa, mashahidi wakaweka sahihi na muhuri ukagongwa, biashara imekwisha. Kwangu ndiyo kwanza imeanza: kama kiwanja kina hati nataka upekuzi ofisi ya ardhi, nijue kimeandikwa kwa jina la nani, nataka wakili wangu mwenyewe, na kama ni nyumba ya familia nataka mke wa muuzaji aseme ameridhia, tena nikiwa namwona. Kodi ya TRA kwenye faida ya mauzo ni ya muuzaji, lakini wengi wanaisukumia kwa mnunuzi, na hapo dalali wangu huwa anatazama simu yake. Sasa nimeacha kugombana naye. Yeye anatafuta, wakili anahakiki, na kamisheni haitoki hadi wakili amalize.

Kama wewe ni wa kununua kwa kutazama picha tu ukiwa mbali, huyu hakufai. Picha zake zote zina kidole.